Jenereta ya kufanyia kazi nyumbani Malindi: nichukue ipi?

#1 BintiMaweni
Salamu wenzangu. Nipo Malindi, Maweni, nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili. Kazi yangu ni kunukuu rekodi za mikutano na wateja wako mbali. Stima ikipotea huku wao hawana habari, wanachojua ni saa ya kukabidhi. Mwezi huu zimekatika mchana, zimekatika usiku, na juzi zilirudi kidogo tu zikaondoka tena na faili langu. Nimechoka, nataka jenereta.

Duka moja hapa mjini limenionyesha mbili. Ya petroli ya kawaida, 3 kVA, "waya shaba tupu". Na ndogo ya inveta (yenye kifaa cha kuunda umeme upya ndani), ile ya umbo la sanduku, bei karibu mara mbili na nguvu haifiki nusu ya ile. Muuzaji asema ya kwanza ndiyo yenye faida. Vitu vyangu ni laptopu, skrini ya pili, ruta ya faiba, feni na taa. Friji ikiwezekana. Mwasemaje?

#2 MwanaWaBarani
Chukua hiyo 3 kVA umalize maneno. Wati elfu tatu hizo, yavuta friji, pasi, hata pampu ya maji. Sanduku ni la watalii wa kupiga kambi.

#3 FundiKoili
Bwana wa #2, pole pole. kVA 3 si lazima iwe wati 3000. Kama bamba lasema pawa fakta (sehemu ya kVA inayokuwa wati za kweli) 0.8, hizo ni wati 2400. Halafu tazama vizuri lile bamba: kuna namba ya "max" na namba ya kuendelea. Ya max ni ya muda mfupi tu, kama wakati wa friji kuamka. Ya kuendelea ndiyo unayonunua. Nimeona ubavuni pameandikwa 3000 kwa rangi nyekundu na kwenye bamba dogo nyuma ni 2200.

Kuhusu shaba: kila muuzaji ana shaba. Inyanyue. Mbili za saizi moja, moja nyepesi waziwazi, huenda koili yake (waya uliozungushwa ndani) ni alumini. Au fungua kifuniko cha nyuma ukwaruze waya kidogo kwa kisu, akikubali. Asipokubali jibu umelipata.

#4 MwanaWaBarani
Zile ndogo za feizi moja nyingi bambani zimeandikwa pawa fakta 1. Sasa 0.8 yako yatoka wapi, fundi?

#5 FundiKoili
Ndiyo maana nikasema "kama bamba lasema". Soma kijana.

#6 Mkomani_Juu
Kabla hamjafika kwenye wati, dada aseme jenereta ataiweka wapi. Ghorofa ya pili!

Sisi Lamu tumelipata hilo. Nyumba za mji wa kale mwazijua: kuta nene za mawe, ndia nyembamba, upepo waingia kwa juu tu. Jamaa zangu walileta jenereta wakati wa arusi, wakaogopa mvua, wakaiweka kwenye kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba. Wakaona hapo ni nje, mbingu yaonekana. Kabla ya isha wanawake waliokuwa vyumba vya chini walianza kulalamika kichwa, mmoja akatapika, watu wakasema ni pilau. Bibi mmoja mzee akawa asinzia kila akiamshwa. Ndipo kijana mmoja aliyesoma akapiga kelele mashine izimwe na watu watolewe barazani. Walipata nafuu kwa hewa tu, na bibi alipelekwa hospitali usiku ule.

Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na damu yaikamata mara zaidi ya 200 kuliko inavyokamata oksijeni. Harufu unayosikia ni ya vitu vingine. Moshi ukipungua harufu, hewa mbaya bado iko.

#7 BintiMaweni
Shukran Mkomani. Nilifikiria roshani. Iko wazi upande mmoja.

#8 Mkomani_Juu
Mlango wa roshani waingia wapi?

#9 BintiMaweni
Sebuleni. Ndipo nifanyiapo kazi.

#10 Mkomani_Juu
Basi hapana.

#11 MwalimuMstaafu
Nakubaliana na #10. Ushauri unaotolewa ni mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, ekzosi ikielekea mbali na madirisha na milango, yako na ya jirani. Roshani ya ghorofa ya pili haitoi mita 6 labda uitundike hewani. Uwe na ua chini, kibanda kidogo kisicho na kuta ila paa, na waya mzuri wa kupandisha juu.

Sasa tupige hesabu, maana naona watu wanauza mashine kabla ya kujua mzigo. Laptopu wati 65, skrini 25, ruta 12, feni 60, taa mbili za LED 18. Jumla 180. Wati mia na themanini, wenzangu! Kwa mzigo huu 3 kVA ni kukodi lori kwenda kununua mkate. Tena ile ya kawaida yazunguka mara 3000 kwa dakika ubebe kitu usibebe, kwa sababu hezi 50 (mawimbi 50 ya umeme kwa sekunde) zatoka kwenye mzunguko huo. Itakunywa mafuta mengi hata ukiwashia ruta peke yake. Ya inveta hupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo. Honda EU22i, kwa mfano, tangi lake ni lita 3.6 na kwa robo mzigo laenda karibu saa 8. (Bei yake sitaitaja, watu wana presha.)

#12 SolaTu
Mwalimu umeshatoa jibu halafu hukulisema. Wati 180, saa tatu, ni wati-saa 540. Betri ya lithiamu ya volti 12.8, Ah (ampea-saa) 100, ina 1280. Ondoa akiba na kinachopotea kwenye inveta ya kugeuza umeme wa betri, bado wafanya kazi saa tano bila petroli, bila kelele, bila kuua bibi wa mtu. Na stima ikirudi yajichaji yenyewe. Jenereta ya nini?

#13 MwanaWaBarani
Na stima isiporudi siku mbili?

#14 SolaTu
Paneli juu ya paa. Malindi jua tunalo la kugawa. Tena tuna kituo cha sola pale Langobaya, kwa nini stima zikatike mchana hata sielewi. Umeme wetu wenyewe watoka hapa hapa.

#15 MzeeWaLaini
Hapo nisaidie kusahihisha. Kituo cha Langobaya ni megawati 40, kilianza 2021, lakini hakiilishi Malindi kama bomba la kijiji. Kinaingiza kwenye gridi ya taifa. Gridi ikianguka, inveta za kituo zajizima kwa sababu zahitaji mawimbi ya gridi ya kufuata. Jua litakuwa kali na wewe utakuwa gizani, hakuna ajabu.

Na paneli za paani ni vivyo hivyo kama umefungiwa mfumo wa kushikana na gridi usio na betri. Stima ikienda nao waenda. Imefanywa hivyo makusudi, fundi aliye juu ya nguzo asirushwe na umeme wa paa lako. Nawajua watu wamelipa pesa nyingi na jambo hili hawakuambiwa.

#16 Kusi_na_Kaskazi
Mzee, wewe uliyekaa na laini, tuambie basi kwa nini zinakatika sana huku. Mimi naona ni chumvi. Kaskazi yapuliza kutoka baharini, chumvi yakaa kwenye vikombe vya nguzo, ukija umande alfajiri au manyunyu ya kwanza, moto waruka. Utasikia "pwaa!" halafu mtaa kimya.

#17 Shamba_la_Gede
Chumvi ya Gede yatoka wapi? Kwetu ni makuti. Mnazi ukitikisika kuti laangukia waya. Nimeona kwa macho yangu cheche na kuti lawaka.

#18 MwanaWaBarani
Ni AC za majumba ya kifahari. Disemba wageni wakijaa, transfoma yazidiwa. Tazameni vile Januari katikati mambo yatulia.

#19 MzeeWaLaini
Yote matatu yapo, na hamjataja vifaa vichakavu. Lakini kukatika kwa mtaa ni tofauti na kukatika kwa nchi nzima. Ile ya Ijumaa 25 Agosti 2023 haikuwa kuti la Gede.

#20 Kusi_na_Kaskazi
Na ile ya Juni 2016 alikuwa tumbili, kituo cha Gitaru. Alianguka juu ya transfoma, nchi ikazima. Na akapona!

#21 Shamba_la_Gede
Tumbili hakuwa na kazi ya kukabidhi.

#22 PundaExpress
2023 hiyo hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kuna jenereta ilikataa kuwaka. Kwa hiyo mkinunua, washeni mara moja kwa mwezi angalau robo saa mkiwa na mzigo. Jenereta isiyowashwa ni fanicha. Petroli ikikaa yaacha gundi kwenye kabureta. Ukijua hutaitumia, funga bomba la tangi uache injini ijizime kwa kumaliza iliyo ndani.

#23 BintiMaweni
Naona mmeniacha kwenye tumbili. Nimeazima jenereta ya jirani wa chini nijaribu kabla sijanunua. Ni ya kawaida, 2.5 kVA, tumeiweka nyuma ya ua karibu na mwembe, waya mrefu hadi juu. Taa zawaka vizuri. Feni yazunguka. Chaja ya laptopu sawa, ila yapata joto kuliko kawaida. Lakini ile UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta na skrini yaikataa kabisa. Yapiga "tik", yakubali, yalia, yarudi kwenye betri, tena "tik". Hivyo hivyo mpaka betri ikaisha, na jenereta yanguruma hapo nje. Ni nini?

#24 FundiKoili
Mwendo wa injini. Nyingi hutegeshwa juu kidogo, hezi 52 au 53 bila mzigo, ili zikibebeshwa zishuke 50. Wewe mzigo wako mdogo, haikushuka. UPS yaona hezi si zake, yakataa. Kuna skrubu ya gavana, kidhibiti mwendo wa injini, yaweza kurudishwa. Lakini iguswe na mtu mwenye mita ya hezi, si kwa kusikiliza sikio. Ukiishusha mno, friji ikiamka injini yazimika.

#25 Nyaya_Safi
Si hezi, ni umbo la wimbi. AVR (vidhibiti volti) za bei rahisi hutoa wimbi lenye meno meno. Taa haijali, feni yavumilia huku ikinung'unika, UPS na chaja ndizo zaona. Chaja kupata joto ndiyo dalili. Hapa ndipo ile ya inveta yapata bei yake: yageuza umeme kuwa DC (kama wa betri) kwanza, halafu yaunda wimbi upya.

#26 MwanaWaBarani
Mimi nimetumia ya kawaida na UPS yangu hulia mara moja tu kisha yatulia. Siri ni kuwasha kwanza taa ya zamani ya wati 100, ile ya waya wa moto, au pasi kwa kiwango cha chini. Mashine yapenda mzigo mzito wa kuegemea.

#27 FundiKoili
Naam, kwa sababu mzigo umeshusha hezi. Umenithibitishia.

#28 Nyaya_Safi
Au kwa sababu mzigo wa joto umetuliza AVR iliyokuwa ikiyumbishwa na chaja ya UPS yenyewe. Umemthibitishia nani sasa?

#29 MzeeWaLaini
Mwaacha jambo la tatu. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake (waya wa kurudishia umeme) inaelea, haijafungwa kwenye ardhi. UPS nyingine zapima hilo na kuwasha taa ya hitilafu ya nyaya. Na waya mrefu hadi ghorofa ya pili, ikiwa ni ule mwembamba wa kuchajia simu, volti zitakuwa zimeanguka njiani kila skrini na feni zikivuta. Dada, waya wako ni wa unene gani?

#30 BintiMaweni
Imeandikwa 1.5. Imezungushwa kwenye gurudumu, nusu yake sijaifungua.

#31 MzeeWaLaini
Ifungue yote! Waya ukiwa umeviringwa kwenye gurudumu na wabeba mzigo, huchemka. Kwa wati 180 hutaona kitu. Siku ukiunganisha pampu utanusa plastiki.

#32 PundaExpress
UPS zenyewe zina kitufe cha kupunguza ukali, nyingine mpaka uingie kwenye programu yake. Huenda mashine haina kosa, UPS ndiyo ina maringo.

#33 SolaTu
Ruta na volti 12 zake hazihitaji hata hiyo UPS kubwa. Kuna betri ndogo za ruta zinazotoa DC moja kwa moja, saizi ya kitabu. Angalia tu volti na kichwa cha plagi. Ila mjue stima ikikatika muda mrefu hata faiba hufa, maana masanduku yao mtaani nayo yategemea betri. Na minara ya simu vilevile. Utakuwa na umeme na huna wa kumtumia faili.

#34 Mama_Muyeye
Mimi nina la jirani. Mwenzetu hapa ana ile mashine na kila usiku stima ikienda twalala na gurugurugu dirishani. Nina mtoto mchanga. Kuna kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, za 2009, usiku ni makali kuliko mchana. Sikutaka kufika huko, nilimtuma mume wangu na sahani ya mahamri. Siku mbili kimya, halafu ikarudi. Dada Maweni, mkinunua fikirini wa pembeni.

#35 MwanaWaBarani
Mahamri ya siku mbili tu? Ongeza mbaazi.

#36 Mama_Muyeye
Ongeza wewe.

#37 Mkomani_Juu
Kwetu kelele ni mbaya zaidi, nyumba zimepakana na sauti yapigwa na ukuta huu yaenda ule. Waliokuwapo kabla ya laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen watakumbuka Lamu ikiendeshwa na majenereta ya dizeli ya shirika la umeme, mji mzima. Sasa kila mtu ataka yake mlangoni.

#38 PundaExpress
Na kuileta! Mwaongea uzito mkiwa na tuktuk. Huku yashuka gari Mokowe, yaingia mashuani, yapandishwa gatini, halafu punda. Ya dizeli ile nzito ya watu wanne hakuna punda atakayeibeba, mkokoteni nao haupiti kila pembe. Ya sanduku kilo ishirini na kitu mtu aibeba begani. Kwa hiyo MwanaWaBarani, si ya pikiniki peke yake. Na ifunikeni mashuani, maji ya chumvi yakiingia kwenye soketi mwaka haumaliziki kabla ya kutu ya kijani.

#39 Kijana_wa_Ngala
Nina swali dogo. Kuna mtu ameniambia nitengeneze waya wenye plagi pande zote mbili, nichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima iwake. Ni rahisi sana. Yafaa?

#40 FundiKoili
USIFANYE.

#41 MzeeWaLaini
Kijana, nisikilize. Plagi ya upande wa pili, ukiichomoa, ina volti 240 kwenye meno yake ya wazi. Hiyo moja. Pili, usipozima mein swichi, umeme wako watoka kupitia mita hadi kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma haijui upande. Ile ishushayo 11,000 kuwa 240, ukiilisha 240 kwa nyuma yapandisha kuwa 11,000. Juu ya nguzo yuko mtoto wa mtu akijua laini imekufa. Tatu, stima ikirudi ghafla yakutana na jenereta yako, na hapo hutakuwa na jenereta.

Weka chenjiova. Ni swichi yenye njia mbili, haiwezi kushika zote kwa pamoja. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Au kama dada Maweni, waya moja hadi kwa vitu vyako, usiguse nyaya za nyumba kabisa. Mpangaji hana haja ya kumchokonolea mwenye nyumba ukuta.

#42 Kijana_wa_Ngala
Shukran mzee. Huyo aliyeniambia ni mjomba wangu, ameitumia hivyo miaka.

#43 Shamba_la_Gede
Mpe salamu, na umwambie asipande nguzo.

#44 BintiMaweni
Mwenye nyumba amekubali kibanda cha paa nyuma ya ua, mbali na madirisha ya chini, kwa sharti ikifika saa nne usiku nizime. Kwa hiyo usiku itabidi betri hata hivyo. Naelekea kwenye ile ya inveta pamoja na betri ndogo ya ruta kwanza, ya SolaTu nitaipangia baadaye. Friji imeshindwa, samaki nitanunua wa siku. Ila bado sijaelewa UPS. Leo niliwasha pasi kama alivyosema MwanaWaBarani, ikakubali. Nikazima pasi, ikaendelea kukubali! Halafu feni ilipozimwa ikakataa.

#45 FundiKoili
Hezi.

#46 Nyaya_Safi
Feni ni mota, ndiyo iliyokuwa ikilainisha wimbi.

#47 MzeeWaLaini
Umeifungua ile waya yote kwenye gurudumu leo, ama bado?

#48 BintiMaweni
Leo niliifungua. Asubuhi.

#49 MwanaWaBarani
Haya sasa, kila mtu ameshinda.

#50 Nyaya_Safi
Hajashinda mtu mpaka ipimwe. Kuna mwenye mita ya hezi aje Maweni? Nami nitaleta ya kuonyesha wimbi, ndogo tu, lakini yatosha.

#51 FundiKoili
Ninayo. Jumamosi nina kazi Watamu. Jumapili baada ya adhuhuri nitapita. Mwambieni jirani asiitie mafuta ya kuchanganya na oili, hiyo si ya mchanganyiko, na aangalie kijiti cha oili kabla sijafika.

#52 Mama_Muyeye
Jumapili mchana tafadhali, si usiku.